Riwaya Nne za Kiswahili Mezani: Uanze na Ipi?

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2009, na tangu atoke kwenye chumba cha mtihani hajafungua riwaya ya Kiswahili. Husoma, tena sana, lakini husoma Kiingereza. Mwezi uliopita akaniandikia: "Dada, nataka kurudia kusoma Kiswahili. Nianze na kitabu gani?" Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nalo nikalifuta. Kwa miezi minne nilikuwa nimesoma riwaya nne, zote zimenikaa moyoni, na kila nilipotaka kumtajia moja, nyingine ilinivuta nguo kama mtoto anayetaka asikizwe.

Wiki hiyohiyo mwenzangu kazini aliniuliza swali lilo hilo kwa niaba ya bintiye wa miaka 13. Kisha jirani yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, mzee aliyestaafu ambaye kila alfajiri hukaa mlangoni na redio yake, akaniita: "Mwanangu, redio nimeichoka. Nitafutie kitabu, lakini kisiwe cha watoto." Watu watatu, swali moja, na ningewadhulumu wawili kama ningewapa wote jibu lilelile. Ndiyo maana nimeketi kuviweka vitabu hivi kando kwa kando.

Vyenyewe ni Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), na Peponi, ambayo ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Siku Njema na Kusadikika nilizisoma zamani shuleni, nikiwa na kalamu mkononi na mtihani kichwani. Rosa Mistika na Peponi nimezisoma mwaka huu kwa mara ya kwanza. Nimeiacha nje Nagona, ya Kezilahabi pia, iliyotoka 1990. Ni kitabu chembamba, lakini kinamtaka msomaji ambaye haogopi kupotea njia, na anayerudi baada ya miaka 15 hafai kupelekwa huko kwanza.

Nilivyovipima

Jambo la kwanza ni lugha: ni Kiswahili cha namna gani, na utaifikia kamusi mara ngapi? La pili ni mwendo. Mimi husomea ndani ya matatu, Jogoo Road, asubuhi na jioni. Foleni ikikaza pale City Stadium napata hata kurasa 15. Ikifunguka napata tano, na muziki uko juu muda wote. Kuna vitabu vinavyokubali kusomwa kwa vipande hivyo, na kuna vinavyodai meza na kimya. La tatu ni kile kinachobaki ndani yako ukishakifunga kitabu, kwa sababu kuna kinachokutuma kazini ukiwa mwepesi na kuna kinachokutia simanzi ya siku mbili. La nne ni kukipata: je, hapa Nairobi utakiona ukikitafuta Jumamosi moja?

Umaarufu na tuzo sikuvitia kwenye mizani. Gurnah alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na furaha yangu ya siku ile haijaisha, lakini tuzo haimsaidii mtu aliyefika nyumbani saa tatu usiku akiwa hoi kufungua ukurasa wa kwanza.

Siku Njema

Nakala yangu niliinunua inama, vile vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini kando ya njia katikati ya mji, kwa shilingi 150. Ilikuwa ya mwanafunzi. Kila ukurasa una maandishi yake ya penseli: "methali", "tashbihi", "msemo", na mishale. Kwenye sehemu ambapo mtoto anasimulia kufiwa na mamake, mwanafunzi yule amechora mstari mnyoofu chini ya sentensi na kuandika pembeni "tashbihi, alama 2". Basi. Nilikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu. Nami nilisoma hivyohivyo nikiwa na umri wake, mama wa mtu anakufa na mimi natafuta alama mbili.

Lugha ndiyo kivutio kikuu hapa. Methali na misemo imejaa, na bado sentensi inateleza. Msimulizi ni kijana anayekipenda Kiswahili hadi kubandikwa jina la Kongowea Mswahili, kwa hivyo utamu wa maneno si urembo aliopachika mwandishi kwa juu; ndiyo tabia ya mhusika mwenyewe. Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya, mbali na pwani, na ukimsoma unamsikia mtu aliyekitafuta Kiswahili kwa mapenzi mpaka kikawa chake. Sisi wengi wa Nairobi tuko katika safari hiyo. Kamusi utaihitaji mara chache tu, kwa sababu neno usilolijua mara nyingi hujieleza ndani ya sentensi.

Mwendo wake ni wa safari. Mtoto wa mwimbaji wa taarab wa Tanga anabaki yatima wa mama, analelewa na jamaa, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya na kwenda hadi Kitale kumtafuta babake. Kila kituo kina watu wake na misukosuko yake, kwa hivyo unaweza kusoma kipande, ukashuka, ukarudi jioni bila kupotea. Kati ya vyote vinne, hiki ndicho kilichozoeana upesi na matatu.

Kinachobaki ni matumaini. Hapo ndipo pia penye lawama yangu moja: bahati humfikia Kongowea pahali ambapo katika maisha ya kawaida huwa haifiki, na mara mbili au tatu nilihisi mwandishi anamshika mkono mhusika wake kumvusha. Nikiwa kijana sikuona. Sasa naona, na bado namwelewa. Kuna siku mtu anahitaji kusoma habari ya mtoto aliyefika. Na liko jambo lisilomo kitabuni ambalo linanisindikiza: matatu yangu hupita Landhies Road kila siku, barabara ambayo Walibora aligongwa na gari Aprili 2020 akafa. Kila nikipita nikiwa na kitabu chake mkononi, huwa nakifunga hadi tuvuke Muthurwa.

Kukipata si kazi. Maduka ya vitabu vya shule yanacho, na inama hukosi.

Kinamfaa mtu ambaye Kiswahili chake kimeingia kutu, anayetaka hadithi imvute huku lugha ikirudi polepole. Kinamfaa pia kijana wa sekondari. Mtu anayechoshwa na maneno yaliyopambwa, au anayetaka riwaya isiyomhurumia, atakiona kitamu kupita kiasi.

Rosa Mistika

Baada ya Walibora, Kezilahabi ni kama kutoka kwenye karamu na kuingia kwenye chumba kitupu chenye taa moja. Sentensi zake ni fupi. Anasema mtu alifanya nini, kisha alisema nini, kisha ilikuwaje, na hapambi. Kamusi sikuifungua hata mara tano. Kwa mtu anayeogopa kwamba Kiswahili cha riwaya ni kigumu, kurasa kumi za kwanza za kitabu hiki zitamwondolea hofu hiyo kabisa.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Viktoria, na kijiji hichohicho ndicho anachokifungulia mlango hapa. Ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya yale inayoyasema wazi kuhusu wasichana, walimu na wanaume wakubwa. Nilipomaliza niliona kwamba waliotaka kuwakinga wasichana na kitabu hiki waliwakinga na mtu aliyekuwa akiwatetea.

Mwendo ni wa kasi, kasi inayotisha. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, na Regina, mama anayebeba nyumba nzima mgongoni. Mapema tu kitabuni barua ya mvulana inamwangukia baba mikononi. Kipigo kinachofuata Kezilahabi hakirefushi wala hakipigii kelele, anakisema tu, na ndiyo maana nilikifunga kitabu nikatazama nje ya dirisha. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza kama niko sawa. Siku nyingine nilipitilizwa stejini kwa sababu Rosa alikuwa ameingia chuoni na nilishaona kinachokuja.

Kinachobaki ni swali, nalo halikuachi usiku. Ni nani aliyemharibu Rosa? Baba aliyedhani kumfungia mtoto ni kumlea? Shule iliyoendeleza kazi ya baba kwa kuta na kengele? Wanaume waliomngoja nje ya lango? Au yeye mwenyewe, aliyepewa uhuru siku moja bila kufundishwa hata kidogo jinsi ya kuutumia? Kama ulisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, utamtambua Zakaria upesi, kwa kuwa Maksuudi na yeye ni wa ukoo mmoja ingawa mmoja ana mali na mwingine ana kiu tu. Tofauti ni kwamba Maksuudi anachukiza tangu mwanzo, ilhali kuna kurasa ambapo nilimwonea Zakaria huruma, na huruma hiyo ikanikasirisha.

Nina manung'uniko mawili. Rosa anaporomoka haraka mno. Ningependa kukaa naye zaidi, nimsikie akicheka na wenzake, kabla mambo hayajaanza kumwendea kombo. Tena hana hata rafiki mmoja wa kike wa kumwambia ukweli kwa upole, na mimi niliyesoma shule ya bweni najua marafiki kama hao wapo. Hata hivyo ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeandika haya. Nalitambua hilo kwa heshima.

Niseme wazi: humu mna ukatili wa nyumbani, mimba zinazotolewa, na kifo ambacho hakitakuacha ulivyokuwa. Aliyefiwa hivi karibuni asianzie hapa.

Kukipata kulinichukua wiki tatu. Maduka mawili ya Nairobi hayakuwa nacho; nilikipata kwa mtu mmoja anayeleta vitabu kutoka Tanzania kwa oda.

Kinamfaa mtu mzima anayetaka ukweli bila sukari, mzazi mwenye mabinti, mwalimu, na yeyote mwenye muda mfupi, kwa kuwa ukiwa na wikendi moja utakimaliza. Binti wa miaka 13 nisingempa akisome peke yake. Wa miaka 17 ningempa, kisha nikae naye tuzungumze.

Kusadikika

Hiki nitakisema kwa ufupi zaidi, si kwa sababu ni kidogo moyoni mwangu, bali kwa sababu ukishajua kilivyojengwa umeshajua kama ni chako au si chako.

Lugha yake ni ya juu na ya zamani. Shaaban Robert alikuwa mshairi kabla ya kila kitu, na nathari yake inatembea kwa mizani, wazo likijibiwa na wazo, neno likipewa pacha wake. Kamusi iwe karibu. Kilichonisaidia ni kusoma kwa sauti: sentensi iliyonikwamisha nikiitazama ilifunguka nilipoisikia. Ndani ya matatu haiwezekani. Kitabu nilikibeba Jumamosi moja hadi maktaba ya Makadara, na pale, midomo ikicheza bila sauti, kikanikubali.

Mwendo ni wa mahakamani. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita ili walete mema kwa nchi yao: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na elimu, na kila mmoja alilipwa kifungo. Ukisoma mjumbe mmoja kila jioni, unakimaliza kwa wiki moja. Hakifiki hata kurasa 100.

Kinachobaki ni mshangao kwamba kitu hiki kiliandikwa mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, na mtu aliyewahi kuwa karani wa forodha wa serikali hiyohiyo. Aliiweka nchi yake hewani ili aweze kusema juu ya nchi ya chini. Nilipokuwa shuleni tulikariri majina ya wajumbe. Safari hii nilikuwa nawasikia, hasa namna kila mmoja anavyorudi na furaha, akidhani nyumbani watafurahi naye. Udhaifu wake ni kwamba watu wa humu ni sifa zilizovikwa majina. Hutamjua Karama anakula nini wala anampenda nani. Anayetaka binadamu wa nyama na damu atabaki na njaa.

Kukipata ni rahisi kiasi, na maktaba nyingi zinacho.

Kinamfaa mpenda ushairi, mtu wa siasa na sheria, na mzee mwenye asubuhi ndefu.

Peponi

Paradise niliwahi kuisoma kwa Kiingereza miaka kadhaa iliyopita. Ilitoka mwaka 1994. Ndani yake kulikuwa na maneno ya Kiswahili hapa na pale, na nilikuwa nayakuta kama hiliki ndani ya pilau: unaiuma, unatua, unaendelea. Nilijua wakati wote kwamba wale watu, Yusuf na Khalil na wengine, hawakuwa wakizungumza Kiingereza kule dukani. Walikuwa wakizungumza Kiswahili na mwandishi akitusimulia kwa lugha nyingine. Nilipofungua Peponi na kuwasikia wakizungumza, ilikuwa kama kumsikia kwa sauti yake mtu niliyekuwa nikisoma barua zake tu.

Lugha ni Kiswahili cha pwani, laini, chenye adabu na chenye matusi pia pale yanapohitajika. Kwa mtu wa bara kuna maneno ya nyumba, ya nguo na ya biashara yatakayompeleka kwenye kamusi, pengine mara moja kila kurasa mbili mwanzoni, kisha yanapungua. Lakini kuna faida ambayo Kiingereza hakiwezi kuitoa. Kiingereza kina neno moja kwa ami na mjomba. Kiswahili kinalazimika kuchagua, na kila chaguo lina damu ndani yake. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri ambaye yeye mtoto anaamini ni jamaa yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa hivyo, anamkataza tena na tena: huyo si jamaa yako, mwite Seyyid. Jambo zito la kitabu kizima liko ndani ya namna ya kumwita mtu, na sisi watu wa shikamoo na mwanangu tunalielewa bila maelezo.

Mwendo ni wa polepole. Nilijaribu kukisoma ndani ya matatu nikashindwa. Kila mara nilirudi nyuma kurasa mbili. Kinataka usiku, watoto wakishalala, au alfajiri. Sehemu ya duka na bustani yenye ukuta inakwenda kwa utulivu, kama maji ya birika la ile bustani. Kisha msafara unaanza kuelekea bara chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, na hapo mkono wako unakaza: homa, hongo, mizigo, watu wanaokufa njiani, hadi kwa Chatu, mtawala wa huko bara. Na nyuma ya yote Wajerumani wanakuja, kwanza kama uvumi, halafu kama jeshi.

Kuna mtu mmoja humu nimempenda kuliko wote, Kalasinga, Singasinga fundi wa mitambo, ambaye ndoto yake ni kuitafsiri Qurani kwa Kiswahili, na marafiki zake Waislamu wanabishana naye kama hilo linawezekana na kama ni halali kwake. Kwa Kiingereza nilitabasamu. Kwa Kiswahili, ndani ya kitabu ambacho chenyewe ni tafsiri, nilikisoma kisa hicho mara tatu.

Kinachobaki ni uzito usio na kilio. Yusuf ni mzuri wa sura, kila mtu anamtaka kwa jambo fulani, na yeye hana lolote analolimiliki. Kuna wakati ukimya wake ulinichosha. Nilitaka aseme, akatae, atoroke. Lipo pia la kumtayarishia msomaji wa Nairobi. Wafanyabiashara wa humu huwaita watu wa bara washenzi, bila kusita. Mimi ni mtu wa bara, na kila neno hilo liliponipita lilinichoma. Gurnah halikubali, analiweka mbele yetu kama lilivyosemwa, na hasa kwa vile limerudi katika lugha lilikotoka, linauma zaidi ya nilivyokumbuka. Ni sababu ya kukisoma, si ya kukikwepa, lakini ni vyema ujue.

Kukipata ndiko kulikonisumbua. Duka moja la vitabu hapa mjini liliniambia kwamba vya Kiswahili wanaweka vya shule pekee, basi. Niliumia, kwa kuwa rafu nzima nyuma ya muuzaji ilikuwa na riwaya za Kiingereza kutoka pande zote za dunia, na hii ya kwetu ilikosa nafasi ya upana wa vidole viwili. Hatimaye binamu yangu alinibebea kutoka Dar es Salaam kwenye basi.

Kinamfaa msomaji aliyezoea riwaya ndefu, aliyesoma Gurnah kwa Kiingereza, mpenzi wa historia ya pwani na bara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mtu mwenye subira.

Zikikaa pamoja

Sikuzichagua kwa kukusudia, lakini tatu kati ya hizi ni habari za mtoto na babake. Kongowea anavuka nchi kumtafuta wake. Rosa anapigwa na wake hadi anakuwa mgeni kwake mwenyewe. Yusuf anatolewa na wake kama mzigo wa kulipia deni. Ukizisoma kwa kufuatana kama nilivyofanya mimi, zinaanza kujibizana, na nafikiri Rosa angemwonea Kongowea wivu kwa kuwa na baba anayeweza kumwazia vizuri kwa sababu bado hajamwona. Hata Karama anasimama mbele ya wakubwa waliotakiwa kuwa baba wa nchi.

Kwa ugumu wa lugha, Rosa Mistika ndiyo nyepesi, kisha Siku Njema, kisha Peponi, kisha Kusadikika. Kwa uzito wa moyo mpangilio huo haufuatwi hata kidogo: ile nyepesi ya lugha ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kwa muda, Kusadikika na Rosa Mistika ni za siku chache. Siku Njema ni ya wiki mbili za matatu. Peponi ilinichukua mwezi mzima, na sikutaka uishe.

Kulingana na hali yako

Kama hujasoma Kiswahili tangu shuleni na unaogopa utashindwa, chukua Siku Njema. Ukikwama kurasa 30 za kwanza kwa sababu maneno yamepambwa mno, iweke kando bila kujilaumu na uchukue Rosa Mistika.

Kama unacho Kiswahili cha kutosha lakini huna muda, na moyo wako uko imara kwa sasa, Rosa Mistika. Ukiwa na msiba au mzigo mwingine mabegani, ingoje.

Kama unamtafutia kijana wa miaka 12 hadi 15, Siku Njema, na usimpe pamoja na mwongozo. Mwache asome kwanza. Maswali ya mwalimu yatamkuta huko mbele.

Kama unapenda kusoma kwa sauti, au una mzee nyumbani ambaye macho yamechoka na unataka kumsomea, Kusadikika haina mshindani. Jirani yangu nilimpelekea hiyo. Siku ya pili alinisimamisha langoni kuniuliza kama nakubaliana naye kwamba Majivuno anajua fika kuwa Karama anasema kweli.

Kama mnaanzisha chama cha kusoma cha watu watano au sita, chagueni kati ya Rosa Mistika na Peponi. Ya kwanza itawagombanisha usiku mmoja. Ya pili itawapa mazungumzo ya mwezi, mradi kila mtu apate nakala mapema, kwa hivyo agizeni kabla hamjapanga tarehe.

Kama umezoea riwaya za Kiingereza na huamini kwamba Kiswahili kinaweza kukupa kina kilekile, nenda moja kwa moja hadi Peponi. Usipite kwingine kwanza.

Na kama pesa ni tatizo, anza na maktaba kabla ya duka. McMillan iko pale Banda Street tangu 1931, na simba wake wa mawe mlangoni, na ina matawi Kaloleni na Makadara. Uliza, wasipokuwa nacho leo, waambie unakihitaji.

Mdogo wangu nimempa Siku Njema ile ya inama. Nilikuwa nimeanza kufuta penseli ya yule mwanafunzi kwa raba, nikafika ukurasa wa mama, nikaacha. Jana usiku aliniandikia kwamba ameufikia ukurasa huo. "Dada," akasema, "mimi pia niliandika tashbihi."